Korongo Kwenye Kochi Langu

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Bwana Faki, bosi wetu, amefunga mlango na madirisha. Siri! Ofisi yetu ya kulinda wanyamapori iko juu ya kinu cha kusaga mahindi hapa Baba Dogo, kwa hiyo ukifunga madirisha unga unapenya sakafuni na kubaki ndani nasi. Tumesikiliza siri tukiwa weupe kama mandazi kabla ya kukaangwa.

Siri yenyewe: mtu amepiga simu kutoka Kitale. Kuna korongo anakuja Nairobi. Korongo taji, mchanga, mzima, kwa basi la kesho usiku. Mpigaji hajui jina la anayembeba. Anajua tu ni mzee, na kwamba anajisifu sana sokoni. Bwana Faki ametueleza tena, kwa ile sauti yake ya Kilamu ambayo hata akikufokea unadhani anakukaribisha chai, kwamba korongo hawa wanazidi kupungua. Mayai yanaokotwa kwenye vinamasi. Makinda yanaibwa. Halafu kuna matajiri wanaotaka kumwona akitembea bustanini, basi, awe pambo. Na kuna mnunuzi mmoja hapa Eastlands tunayemfuata tangu mwaka jana bila kumpata. Anaitwa Frankline. Tunachokijua kumhusu ni hilo jina na kwamba anapenda miwani ya jua.

Kavindu, mwenzangu wa kazi, amesema Nairobi nzima inapenda miwani ya jua.

Kazi ya kusimama steji kulingoja basi nimepewa mimi. Mimi! Tangu niajiriwe nimekuwa nikipokea simu tu, za watu wanaouliza kama paka wa jirani ni mnyamapori. Nimefurahi mpaka nikasahau chakula changu ofisini.

Jumatano, 15 Oktoba

Aibu. Aibu tupu.

Alfajiri tulikuwa steji. Mimi muuza mayai, Kavindu mteja wangu — amekula mayai kuliko kazi ilivyohitaji. Askari wawili wa wanyamapori walisimama nyuma ya kibanda cha M-Pesa wakiwa na jezi za mpira ili wasijulikane. Jezi mpya. Zote mbili bado zilikuwa na karatasi ya bei mgongoni.

Basi likafika, abiria wakaanza kushuka, nikamwona. Mama mmoja mnene, kikapu kirefu, leso juu yake, na chini ya leso kitu kinainua kichwa. Shingo ndefu! Ishara tuliyopatana ilikuwa niangushe yai. Niliangusha trei nzima.

Askari wakaruka. Leso ikafunuliwa. Bata mzinga.

Bata mzinga halali, mwenye hasira halali. Amemdonoa askari mmoja sikio. Mwenyewe anaitwa Bi Muhiba, ni mtu wa Mombasa, anauza kuku na bata soko la Huruma, na matusi yake yalikuwa na ufasaha ambao shule haikunipa. Alisema bata wake ana haya zake, hajawahi kufunuliwa mbele ya wanaume. Watu walijaa. Katika hizo kelele abiria wengine wote wakashuka na kwenda zao. Bwana Faki alisema tu inshallah siku nyingine. Afadhali angenifokea.

Nimerudi Huruma mchana, miguu mizito, ghorofa ya nne. Nani ameketi kwenye ngazi mbele ya mlango wangu? Mjomba Mulongo! Kaka yake mama, kutoka Kitale, na koti lake la harusi. Kando yake mtoto mdogo ndani ya sweta nyekundu ya shule, kofia ya sufu imevutwa mpaka machoni. Nikasema karibu Mjomba, na huyu mtoto ni wa nani?

Mtoto akanyoosha shingo. Shingo haikuisha.

Mjomba amesafiri naye usiku kucha amempakata. Konda akamtoza nauli ya mtoto, na jambo hilo bado linamuuma, kwa sababu anasema mtoto wa kupakatwa halipi. Alishuka mlango wa nyuma, akapita karibu na watu waliokuwa wakigombana juu ya bata. Akanisikitikia mambo ya Nairobi.

Ni yeye. Mzee anayejisifu sokoni ni mjomba wangu. Na korongo ninayemtafuta amekunya kwenye kochi langu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Anaitwa Mheshimiwa. Kwanza kwa sababu nywele za kichwani zimeanza kuchomoza, taji litakuja. Pili kwa sababu hali chochote mpaka watu wamtazame.

Mjomba ameniambia yote bila hata kuulizwa. Aliokota yai akilima karibu na kinamasi, akamwekea kuku aliyekuwa akiatamia. Kuku akaangua, akalea, akafunza. Mtoto akamzidi mama urefu, kuku akaanza kumkimbia. Kuanzia hapo Mjomba ndiye mama. Alimkusanyia kumbikumbi kwa mkono. Alilala naye jikoni mvua ilipopiga sana. Anasimulia huku anacheka na kujifuta macho, nami nilikuwa nimejiandaa kukasirika, hasira ikanikimbia. Baba alipoondoka nyumbani ni Mjomba huyu aliyenifundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yangu na gambuti mpaka sokoni. Nampenda. Hilo ndilo tatizo.

Amemleta wa nini? Wa mnada. Krismasi iliyopita alikuja kusali nasi, Mchungaji Kweyu akaomba watu waahidi vitu vya mnada wa kujenga kanisa. Kila mwaka ni ndizi, miwa, kuku, maziwa mala kwenye kibuyu, vinauzwa baada ya ibada kwa kelele nyingi. Mjomba akasimama madhabahuni akasema ataleta kitu ambacho Nairobi haijakiona. Watu wakapiga makofi. Mnada ni Jumapili hii.

Alfajiri Mheshimiwa alilia. Sikujua ndege anaweza kuwa na sauti kama honi ya lori. Ploti nzima iliamka. Ambaro, keateka anayetunza nyumba zetu, akaja kugonga, maana sheria ya kwanza ya nyumba hizi ni hakuna mifugo. Mjomba akafungua mlango kidogo, akatoa kichwa, akakohoa. Ambaro akampa pole sana na kumshauri akapimwe kifua.

Mende wameisha nyumbani. Hilo lazima niliandike, haki yake apewe.

Jioni nilikung'uta shuka. Mheshimiwa akaona mabawa, nadhani. Akafungua yake, akaruka, akainama. Nikainama pia, kwa adabu. Akaruka tena. Tumecheza dansi kati ya kitanda na mtungi wa gesi, sufuria mbili zimeanguka, Mjomba anapiga makofi. Sijacheka hivyo mwaka huu.

Mama amepiga simu kuuliza kama kaka yake amefika salama. Nilitaka kumwambia, nikashindwa. Huwaambia majirani wote Kitale kwamba binti yake analinda wanyama wa Kenya. Anadhani nina bunduki.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimejaribu asubuhi. Nimemwambia Mjomba kwa upole kwamba kuna sheria. Akauliza sheria ya nani, maana yai lilikuwa shambani kwake na aliyelea ni yeye. Nikasema ni ya serikali. Akasema serikali haijawahi kumletea Mheshimiwa hata panzi mmoja. Nikachukua mkoba. Nimekwenda kazini.

Huko nako! Kavindu ameingia na simu yake mkononi. Kanisa limetoa tangazo kwenye WhatsApp: NDEGE WA KIFALME KUTOKA KITALE, NJOO UJIONEE, MNADA JUMAPILI. Na picha. Mheshimiwa na sweta yake, amesimama kwenye kochi, anatazama kamera kwa dharau. Mjomba alimpiga picha lini? Kavindu akaikuza ile picha. Akaikuza tena.

"Triza. Hizi vitambaa za kochi nimeziona wapi?"

Nikasema kila nyumba Nairobi ina vitambaa vya kochi vya kushonwa kwa mkono. Akasema si vyenye bendera ya Kenya na kosa kwenye ngao. Mimi ndiye niliyevishona. Nilikosa ile ngao nikasema hakuna atakayeona.

 Bwana Faki alikuwa anajiandaa kwenda msikitini, anakunja mikono ya kanzu. Akamtuma Kavindu chini akatazame kama kinu kimezimwa. Kisha akasema yeye hana haraka.

Nikamwambia yote. Mjomba, yai, kuku, sweta, nauli ya mtoto. Kwenye nauli ya mtoto aligeuka dirishani na mabega yakatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema Frankline naye ameliona hilo tangazo, kwa sababu watu wake wanauliza kanisa liko wapi.

Maneno yake nayaandika yalivyo, nisije nikajidanganya baadaye: "Akimtoa kwetu mwenyewe kabla hajauzwa, mimi nitasimama naye mbele ya askari na niseme hivyo. Siwezi kukuahidi zaidi. Akishauzwa, Triza, hiyo ni biashara, na mimi sina neno tena."

Askari watakuwa nje ya kanisa Jumapili. Hawataingia mpaka nipige simu. Kwa hiyo nina mpaka Jumapili kumgeuza mtu ambaye hajageuka tangu nizaliwe.

Nimemshukuru. Nimelia kidogo kwenye ngazi za kinu. Machozi na unga — uso umekuwa chapati.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimepata akili! Kama ahadi ya Mjomba ni kitu ambacho Nairobi haijakiona, tuweke kitu kingine. Kitu kikubwa, chenye manyoya, chenye kelele. Nikakimbia sokoni kwa Bi Muhiba.

Alinikumbuka. Afadhali asingenikumbuka. Alisubiri mpaka wateja wake wote wamenitazama vizuri, ndipo akasema bata yuko, na anauzwa, ila si kwa mtu aliyemvunjia heshima. Niombe radhi kwanza. Nikasema samahani Bi Muhiba. Akasema si kwangu.

Nimeomba radhi kwa bata mzinga. Mbele ya soko zima la Huruma. Nimepiga goti moja, hilo aliliongeza mwenyewe. Mtu mmoja wa mitumba amerekodi. Bata alinitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, Bi Muhiba akasema haya, amesamehe. Akanipunguzia bei na akanifungia mguu wa kuku wa kula njiani, maana amesema nina sura ya mtu mwenye shida. Kwa kweli ni mtu mzuri sana. Nimemkumbatia.

Sasa nyumbani nina korongo, bata na mjomba. Korongo anamwogopa bata. Bata anamwogopa Mjomba. Ambaro amekuja tena, amesikia kikohozi cha aina mbili. Mjomba amekohoa ya kwanza, mimi ya pili. Ametuletea tangawizi na ndimu.

Mjomba amemtazama yule bata muda mrefu. Amesema ni mzuri, na atakwenda mnadani pia, Mungu akubariki kwa moyo wako. Pia! Si badala yake!

Basi nikamwambia wazi. Jela, Mjomba. Nikalitamka. Alikuwa anampa Mheshimiwa ugali, mkono ukasimama.

"Nimemwahidi Mungu mbele ya watu, Triza mama. Nikimnyima, nitarudi Kitale na uso gani?"

Nikasema Mungu ndiye aliyemwumba na kumpa mabawa. Akasema ndiyo maana anamrudishia. Na atakayemnunua atakuwa mtu wa kanisa, atamtunza, atamwita jina lake. Hajui. Kweli hajui, anadhani kila mtu anayenunua ndege anamnunua ili ampende.

Alasiri akampeleka mazoezi ya kwaya. Huko Mheshimiwa akacheza. Sauti ya tatu ilipoingia alifungua mabawa, akaruka juu ya kinanda, akainama mara nyingi, wanakwaya wakamfuata hatua. Mchungaji Kweyu alifurahi hadi akavua koti. Nikamvuta kando nikamwomba amtoe kwenye mnada. Akanieleza kwa upole, mkono begani, kwamba kilichotajwa madhabahuni hakirudi, na kwamba paa nalo linavuja. Paa linavuja kweli. Mimi huketi chini ya lile tone.

Sina akili nyingine. Nimechoka, nanuka bata, na ninaogopa.

Jumapili, 19 Oktoba

Naandika nikiwa chumba cha mchungaji, nyuma ya madhabahu. Mlango tumeufunga kwa ndani. Tuko watatu: mimi, Mjomba, Mheshimiwa. Sijui nifanye nini kingine na mikono yangu, ndiyo maana naandika.

Ilivyokuwa. Ibada ikaisha, mnada ukaanza. Mpiga mnada ni Mzee Patrobas, mzee wa kanisa, sauti yake haihitaji kipaza lakini anakipenda. Ndizi zikaenda. Miwa ikaenda. Bata wangu alinunuliwa haraka na akina mama wa maombi, kisha akamfukuza Mzee Patrobas kuzunguka mimbari kabla ya kukabidhiwa. Watu walilala chini kwa kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimemwona. Safu ya mbele, suti ya kijivu, miwani ya jua ndani ya kanisa. Frankline. Anatoa sadaka vizuri kabisa.

Mjomba akamleta Mheshimiwa. Amemvua sweta. Amempaka mafuta miguuni. Watu wakasimama. Mzee Patrobas akaanza, nani ananipea, nani ananipea, na kila aliyetaja bei Frankline alipandisha bila kugeuka. Wengine wakanyamaza. Nikafika mpaka kwa Mjomba nikimkanyaga kila mtu, nikamshika mkono, nikamwambia sikioni ni sasa, Mjomba, tafadhali, ni sasa. Hakunitazama. Alikuwa anatabasamu na watu.

Mchungaji akamuuliza Frankline kwa mzaha kama hatakimbiwa na ndege. Kipaza kilikuwa wazi. Kanisa lote lilisikia.

"Hapana, Pastor. Tunakata hapa kwa joint ya bawa. Hawezi ruka tena maisha yake yote. Wote huwa tunafanya hivyo."

Watu wengine walicheka. Waliendelea na mnada! Mzee Patrobas akahesabu mara ya kwanza. Nikaona tabasamu la Mjomba limebaki usoni, macho yameshaondoka. Akahesabu mara ya pili.

Mjomba akamkwapua Mheshimiwa, akamtia kwapani, na kukimbia. Mzee huyu mwenye magoti mabaya! Akapita kwaya, akapita kinanda, akaingia huku. Mimi nyuma yake. Nikapiga komeo.

Amekaa kwenye kiti cha mchungaji. Anapapasa bawa, kifundo kwa kifundo, kuhakikisha liko. Amesema alidhani watu wananunua ili watunze. Amelisema mara nyingi. Nilimshika bega. Mheshimiwa amepata biskuti za wageni wa mchungaji na anazimaliza.

Nje Mchungaji anagonga. Kwanza alibisha kwa utaratibu, sasa anataja Maandiko. Mzee Patrobas bado yuko kwenye kipaza, anawaambia waumini watulie, bidhaa itarejea. Halafu nasikia vurugu na sauti ya Kavindu — kwa hiyo Kavindu yuko ndani, na anamwamuru mtu avue miwani.

Nimempigia Bwana Faki. Kabla sijafungua mdomo Mjomba akaomba simu. Akasimama, akafunga vifungo vyote vya koti lake, akasema yeye ni Mulongo wa Kitale, kwamba korongo anamtoa yeye mwenyewe kwa hiari yake, hajauzwa, na Mungu ataelewa, na kama hataelewa watazungumza wao wawili. Sauti haikutetemeka. Yangu ingetetemeka. Nimejivuna naye.

Bwana Faki akamshukuru kwa heshima, akasema hilo ni jambo kubwa amefanya, na yeye anakuja kusimama naye kama alivyoahidi. Akaniomba simu irudi kwangu. Akasema askari wanaingia sasa hivi, nisiogope. Kisha akauliza swali moja la kawaida, kama kuna korongo wengine.

Nikamgeukia Mjomba. Nikamuuliza nikiwa na tabasamu, kwa utaratibu tu. Akaangalia dari. Akaangalia Mheshimiwa. Akasema wake ni huyu peke yake, Mungu shahidi.

Nikapumua.

"Wale wawili ni wa mama yako."

Simu nimeilaza kifudifudi juu ya Biblia ya mchungaji. Bwana Faki anasema halo. Anasema Triza, unanisikia? Mlango umeanza kutikiswa kutoka nje. Bado anasema halo.